Ukoo wa Panya Namba 57

Mwanzoni mwa karne ya 20, katika mji mdogo wa Granby, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mwalimu mmoja aliyestaafu mapema kwa sababu ya maradhi aliacha kufuga kuku akaanza kufuga panya. Jina lake Abbie Lathrop. Kuku walikuwa wamemtia hasara. Panya walikuwa na soko, kwa kuwa miaka ile watu wa Marekani na Ulaya walifuga panya wa mapambo kama wengine wanavyofuga njiwa, wakishindanisha rangi zao: weupe, weusi, wa manjano, wenye madoa. Lathrop alianza na wachache, na baada ya miaka kadhaa vizimba vyake vilikuwa na panya zaidi ya 11,000. Watoto wa jirani aliwalipa senti saba kwa saa wamsaidie kusafisha.

Nimesoma habari za mama huyu mara nyingi, na kinachonivutia kila mara ni daftari zake. Lathrop aliandika nani kazaliwa na nani. Mfanyabiashara wa kawaida angehesabu mapato tu, lakini yeye alihesabu vizazi. Ndiyo maana wateja wake walianza kubadilika. Mwaka 1900 sheria za urithi za Gregor Mendel, alizozipata kwa kupanda njegere, ziliibuliwa upya baada ya kusahaulika. Mwaka 1902, Lucien Cuénot wa Ufaransa akaonyesha kwamba rangi ya manyoya ya panya inafuata sheria hizohizo. Ghafla maprofesa walihitaji panya wenye nasaba inayojulikana, na aliyekuwa nao ni mwalimu mstaafu wa Granby. Mmoja wa wateja wake alikuwa William Castle wa Chuo Kikuu cha Harvard.

Kisha Lathrop akaona uvimbe kwenye miili ya baadhi ya panya wake. Hakuwatupa akanyamaza. Aliwatumia wanasayansi, na Leo Loeb wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania akamjibu kwamba ilikuwa saratani. Kuanzia mwaka 1913 wawili hao walichapisha makala kadhaa kwa pamoja. Walionyesha kwamba koo fulani za panya hupata saratani ya matiti mara nyingi kuliko nyingine, na kwamba majike walioondolewa ovari huipata kwa nadra. Huyu mwanamke hakuwa na shahada ya sayansi wala maabara. Vitabu vingi vinamtaja kama muuza panya, lakini mtu aliyeuliza swali, akatunza kumbukumbu na kutoa jibu lililochapishwa, mimi namwita mwanasayansi.

Lathrop alifariki mwaka 1918. Miaka mitatu baadaye, mwanafunzi wa zamani wa Castle, Clarence Cook Little, alimpandisha jike namba 57 kwa dume namba 52, wote kutoka zizi la Granby. Kutokana na jike huyo ukazuka ukoo wa panya weusi uitwao C57BL, ambao leo ndio maarufu kuliko wote katika maabara za dunia. Mwaka 2002 wanasayansi walipochapisha kwa mara ya kwanza ramani ya jeni zote za panya, panya waliyemsoma alikuwa wa ukoo huo.

Little alikuwa na wazo moja ambalo lilibadilisha sayansi. Mwaka 1909, akiwa bado kijana, alianza kupandisha panya kaka kwa dada, na watoto wao kaka kwa dada tena, kizazi baada ya kizazi. Walimu wake walihofia kwamba panya hao wangedhoofika na kukatika. Wengi walikatika kweli. Lakini waliobaki, baada ya vizazi 20 hivi, walikuwa wanafanana kijeni kama mapacha wa yai moja, isipokuwa tofauti ya dume na jike. Ukoo wake wa kwanza, DBA, upo hadi leo.

Faida yake ni rahisi kuielewa. Ukiwapa nusu ya panya hao dawa na nusu usiwape, tofauti utakayoiona haiwezi kusingiziwa damu, kwa sababu damu ni moja. Mtafiti wa London na wa Tokyo wanaweza kumpima mnyama yuleyule bila kukutana. Mwaka 1929 Little alianzisha Maabara ya Jackson huko Bar Harbor, jimbo la Maine, kwa msaada wa matajiri wa viwanda vya magari vya Detroit, na maabara hiyo ikawa chimbuko la panya wa dunia nzima. Mwaka 1947 moto wa msituni uliiteketeza pamoja na wanyama wake. Koo zile zilirudi kwa sababu wanasayansi waliokuwa wamezinunua zamani walirudisha uzao wao. Ukoo uliosambazwa haukufa kwa moto mmoja.

Lakini faida hiyo ilikuwa na gharama. Ukipima panya elfu moja wa C57BL, kwa upande wa urithi umempima panya mmoja mara elfu. Unajua mengi sana juu yake, na machache juu ya panya kwa jumla. Na binadamu, tunaotaka kumwelewa kupitia panya huyo, hafanani na ukoo uliosafishwa. Binadamu ni mchanganyiko.

Hatari ya kusahau jambo hilo ilionekana mapema katika suala lilelile la saratani alilolianza Lathrop. Huko Chicago, Maud Slye, mtafiti aliyefuga maelfu ya panya na kutunza nasaba zao, aliamini kwamba saratani inarithiwa kwa kanuni nyepesi kama rangi ya manyoya, na kwamba watu wangeweza kuifuta kwa kuchagua wa kuoana naye. Little alimpinga hadharani, akisema urithi wa saratani si wa jeni moja. Kwa hilo alikuwa sahihi. Kisha, mwaka 1933, maabara yake mwenyewe ikatoa matokeo yaliyomshangaza kila mtu. Walipandisha panya wa koo zenye saratani nyingi na za koo zenye saratani chache, mara jike akitoka upande huu, mara upande ule. Ingekuwa kromosomu tu, watoto wangefanana. Hawakufanana: walimfuata mama.

Mwaka 1936, John Bittner wa maabara hiyohiyo akaonyesha njia. Alichukua watoto waliozaliwa na mama wa ukoo wenye saratani akawanyonyesha kwa mama wa ukoo usio nayo, na saratani ikapungua. Kilichokuwa kikipita kutoka kizazi hadi kizazi kilikuwa ndani ya maziwa, na baadaye ikajulikana kuwa ni kirusi. Jeni zilihusika pia, kwa kuwa si kila panya aliyenyonya alipata uvimbe. Lakini ugonjwa ambao kwa miongo miwili ulionekana kama mfano safi wa kurithi, nusu ya siri yake ilikuwa kwenye titi.

Hapa sina budi kusema kwa nini historia hii inanigusa. Kwetu Handeni, posa ikiletwa, wazee hawaulizi kwanza juu ya kijana wala binti. Wanauliza ukoo. Watu wanatumwa kimyakimya kuchunguza: kuna kifafa huko? Kuna wazimu? Kuna kifua kikuu? Shangazi yangu mmoja, dada mkubwa wa baba, alichumbiwa akiwa na miaka 19. Washenga walikuja mara mbili, mara ya tatu hawakuja. Walikuwa wamesikia kwamba kaka zake wawili walikuwa na kifafa. Hakuna aliyeuliza kifafa hicho kilianza lini, kama ni baada ya homa kali utotoni au la, wala kwa nini ndugu wengine sita walikuwa wazima. Neno moja lilitosha: ukoo. Shangazi aliolewa akiwa na miaka 34, mbali, na watu wasiotujua.

Wale wazee hawakuwa wajinga. Waliona, kama Lathrop alivyoona, kwamba mambo fulani hujirudia katika familia. Walichokosa ni njia ya kutenganisha kilichokuja kwa damu, kilichokuja kwa maziwa, kilichokuja kwa nyumba, na kilichokuja kwa bahati tu. Kwa mtu mmoja mmoja njia hiyo haipo. Hata kwa ukoo mmoja haipo. Inahitaji kundi.

Msingi wa hesabu yake uliwekwa mwaka uleule aliofariki Lathrop. Mwaka 1918 Mwingereza Ronald Fisher alichapisha makala iliyoonyesha kwamba sifa kama urefu, ambazo hazigawanyiki katika makundi mawili kama njegere za Mendel, zinaweza kuelezwa kwa sheria zilezile ikiwa tutakubali kwamba jeni zinazohusika ni nyingi na kila moja inaongeza au kupunguza kidogo. Hakuna jeni ya urefu. Kuna nyingi zinazosukuma kwa nguvu ndogo, na chakula cha utotoni kinasukuma pia. Ndivyo ilivyo kwa shinikizo la damu, kisukari, pumu na huzuni ya kupitiliza. Wanasayansi huziita sifa changamano. Ni sifa ambazo mtu akikuambia "ni za ukoo" hajakosea, ila hajakuambia kitu.

Sasa utazipataje jeni hizo ndogondogo? Chukua nyuzi mbili za shanga, mmoja mweupe na mmoja mwekundu. Hizo ni kromosomu za koo mbili za panya. Kila mara mnyama anapotengeneza yai au mbegu, nyuzi hukatwa sehemu moja au mbili na vipande vyake kubadilishana. Baada ya kizazi kimoja au viwili una nyuzi zenye vipande virefu vyeupe na virefu vyekundu. Ukiona kwamba panya wenye wekundu mahali fulani wana uzito mkubwa, unajua jeni iko ndani ya kipande hicho, lakini kipande kina shanga mamia. Endelea kuchanganya vizazi vingi zaidi, vipande vinakuwa vifupi, na shanga unayoitafuta inabaki na majirani wachache. Hiyo ndiyo sababu ya kutaka panya wengi na waliochanganyika: kila mmoja ni mkato mpya wa uzi, na tofauti kati yao ndiyo inayosema.

Katika miaka ya 1970, Benjamin Taylor wa Maabara ya Jackson alichukua koo mbili za Little, C57BL/6 na DBA/2, akazichanganya, kisha akawapandisha wajukuu kaka kwa dada mpaka akapata koo mpya kadhaa. Kila ukoo ulikuwa mchanganyiko wake wa pekee, uliogandishwa usibadilike. Koo hizo ziliitwa BXD. Uzuri wake ni kwamba kile kilichopimwa leo na mtafiti mmoja kinaweza kulinganishwa na kitakachopimwa na mwingine miaka 30 baadaye, kwa sababu nyuzi ni zilezile. Wengine walikwenda njia tofauti. Gerald McClearn wa Chuo Kikuu cha Colorado alichanganya koo nane akaziacha ziendelee kuchanganyika, asiwapandishe ndugu kwa ndugu.

Mwaka 2006, timu ya Oxford ikiongozwa na Jonathan Flint na Richard Mott ilichapisha matokeo ya kupima panya 2,000 hivi wa aina hiyo ya mchanganyiko, kwa sifa 100 hivi: uzito, sukari ya damu, chembe za kinga, woga, kupona kwa jeraha. Walipata maeneo 843 ya kromosomu yenye mchango. Nilipoisoma idadi hiyo nilisimama. Sifa 100, maeneo 843, na kwa kawaida kila eneo linaeleza sehemu ndogo tu. Kundi hilohilo la watafiti lilionyesha jambo la pili ambalo halikutangazwa sana: mazingira ya panya, kuanzia idadi ya wenzake kwenye kizimba hadi nani aliyempima, yalibadilisha matokeo, na mara nyingi mwingiliano wa jeni na mazingira ulikuwa na nguvu kuliko jeni peke yake. Maziwa ya Bittner yalikuwa yamerudi kwa sura nyingine.

Naomba nisimpite Little hapa kimya. Mtu huyu aliyejua kuliko wengi kwamba saratani haina chanzo kimoja aliwahi kuwa rais wa chama cha Marekani kilichotaka kuboresha binadamu kwa kudhibiti uzazi, na mwaka 1954 akawa mkurugenzi wa sayansi wa kamati ya utafiti iliyofadhiliwa na makampuni ya sigara. Akiwa hapo alisema kwa miaka mingi kwamba uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu haujathibitishwa, na kwamba lazima tutazame kwanza maumbile ya mtu na urithi wake. Kauli ya kwamba chanzo ni vingi, ambayo ilikuwa kweli katika vizimba vya Bar Harbor, iligeuzwa kuwa pazia. Ukoo unaweza kutumika kumnyima binti posa. Unaweza pia kutumika kuuza sigara. Ndiyo maana najali jinsi unavyopimwa.

Mwaka 2004 wanasayansi wa nchi kadhaa walichapisha mpango mkubwa kuliko yote ya awali. Kasoro waliyoiona ni kwamba koo nyingi za kawaida za maabara zina asili ya karibu, kwa kuwa zilitokana na panya wachache wa mapambo wa enzi za Lathrop. Ukizichanganya, unachanganya ndugu. Kwa hiyo walichagua koo nane: tano za maabara na tatu zilizotokana na panya wa porini kutoka Thailand, Ulaya ya kati na Maryland. Miongoni mwa zile tano alikuwemo C57BL/6, mjukuu wa jike namba 57, na ukoo mmoja unaopata kisukari cha utotoni, na mwingine unaonenepa kupita kiasi. Wote nane wangechanganywa, kisha watoto wapandishwe kaka kwa dada vizazi 20. Matarajio yalikuwa koo mpya elfu moja.

Hazikufika elfu. Waliobaki mwishoni ni makumi tu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba karibu nusu ya koo zilizokatika zilikatika kwa sababu ya utasa wa madume. Panya wa Thailand na wa Ulaya ya kati wametengana na wale wa Ulaya magharibi muda mrefu kiasi kwamba jeni zao, kila moja nzima kwao, zikikutana mara nyingine zinagombana. Panya wengi walizaliwa na kuuawa ili tujue hilo, na mwandishi anayesifia mradi huu bila kuitaja gharama hiyo hawatendei haki.

Waliobaki walifanya kazi ambayo ukoo mmoja usingeweza. Virusi vya Ebola, vilivyopewa jina la mto wa kaskazini mwa Kongo, vikirekebishwa ili vimwambukize panya wa kawaida wa maabara, humuua, lakini bila kumvujisha damu kama vinavyofanya kwa baadhi ya watu. Kwa hiyo kwa miaka mingi panya hakufaa kwa swali hilo. Mwaka 2014, wakati mlipuko mkubwa ukiwa Afrika Magharibi, timu ya Marekani ilitangaza kwamba ilijaribu virusi hivyo kwa uzao wa koo mpya zilizochanganywa. Baadhi ya panya walipungua uzito kidogo wakapona. Baadhi walikufa bila kuvuja damu. Baadhi walikufa kwa homa kamili ya kuvuja damu. Virusi vilikuwa vilevile na kipimo kilekile. Kilichotofautiana ni mwili uliovipokea. Kumbe miaka yote panya hakuwa amekosa jibu. Aliyekuwa akiulizwa ni mmoja tu.

Koo hizo hazikuzalishwa mahali pamoja. Kundi moja lilianzia Tennessee likahamia North Carolina. Jingine lilikuwa Australia Magharibi. Na la tatu lilianza Nairobi, katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, kabla ya kuhamishiwa Chuo Kikuu cha Tel Aviv. Watu wengi niliowasimulia hushangaa hapo. Panya wa kisasa kuliko wote, Nairobi? Lakini Nairobi haikuchaguliwa kwa bahati. Taasisi hiyo ilikuwa imefuga panya kwa miaka mingi kwa sababu ya ng'ombe.

Ugonjwa ni nagana, ndugu wa malale ya binadamu. Unaletwa na mbung'o, na huanza kwa homa, kisha ng'ombe anakonda, damu inapungua, mimba zinatoka, anakufa. Babu yangu mzaa mama alikuwa na ng'ombe 23 alipohamia upande wa pori la Handeni. Baada ya miaka minne alikuwa na mbuzi tu. Yeye pia alisema ni ukoo: ng'ombe wetu ni wa damu nyepesi. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu Uzigua, anaeleza kwamba zamani wafugaji wa huko waliishi karibu na mbung'o bila kumalizwa, kwa sababu walifyeka pori na kulichoma, na ng'ombe wao wakakutana na vimelea kidogokidogo. Ukoloni na njaa vilipowatawanya watu, pori lilirudi na ng'ombe wakaisha. Kwa hiyo damu nyepesi ya babu ilikuwa kwa sehemu pori lisilofyekwa.

Lakini kwa sehemu tu. Afrika Magharibi wapo ng'ombe wadogo wasio na nundu, waitwao N'Dama, ambao huambukizwa nagana na bado hunenepa, huzaa na kutoa maziwa. Boran, ng'ombe mkubwa mwenye nundu wa Kenya na kusini mwa Ethiopia, akiambukizwa bila dawa kwa kawaida huanguka. Tofauti iko wapi? Kumchunguza ng'ombe ni kazi ya miaka, kwa kuwa mimba peke yake ni miezi tisa. Mimba ya panya ni wiki tatu. Na ikatokea kwamba panya nao wametofautiana: wakiambukizwa kimelea hichohicho, ukoo uitwao A/J hufa baada ya wiki chache, ilhali C57BL/6, ukoo wa Granby, huishi kwa miezi.

Mwaka 1997 watafiti wa Nairobi pamoja na wenzao wa nchi nyingine walitangaza kwamba wamepata maeneo matatu ya kromosomu za panya, ya 17, ya 5 na ya 1, yanayochangia ustahimilivu huo. Kisha wakaendelea kuchanganya panya hadi kizazi cha sita ili kukata shanga zaidi, na mwaka 2000 wakaonyesha kwamba kile kilichoonekana kuwa eneo moja kwenye kromosomu ya 1 kilikuwa maeneo matatu yaliyosimama karibu. Kadiri walivyotazama kwa makini, ndivyo jeni moja ilivyogeuka kuwa nyingi.

Wakati huohuo ng'ombe walikuwa wakiandaliwa. N'Dama waliletwa kutoka Gambia wakiwa viinitete vilivyogandishwa, wakabebwa na kunyonyeshwa na majike wa Boran hapo Nairobi. Wakakua, wakapandishwa na Boran, na watoto wao wakapandishwa wenyewe kwa wenyewe. Wajukuu 177 waliambukizwa nagana na kupimwa damu na uzito. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003.

Maeneo yenye mchango yalitawanyika kwenye kromosomu nyingi, kama Fisher alivyofikiri na kama panya walivyodokeza. Katika maeneo tisa, kipande kilichosaidia kilitoka kwa N'Dama. Hilo kila mtu alilitegemea. Katika manne, aliyefanya vizuri zaidi alikuwa yule aliyepata kipande kimoja kutoka kila upande. Na katika maeneo matano, kipande cha kustahimili kilitoka kwa Boran, ng'ombe wa damu nyepesi. Vilikuwemo siku zote, vimezibwa na vipande vingine dhaifu, na visingeonekana kama Boran asingechanganywa na mwingine. Watafiti waliandika kwamba kwa kuchagua kwa makini kutoka mchanganyiko huo ingewezekana kupata ng'ombe anayestahimili nagana kuliko wazazi wote wawili.

Ng'ombe huyo hajafika Handeni. Wafugaji wa huko bado wananunua dawa za sindano na kupulizia mifugo yao, na wenye uwezo hufyeka pori. Binamu yangu mmoja ameanza upya na ng'ombe wanane. Nilipomweleza habari za yale maeneo matano alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza ni yupi kati ya hawa wanane aliyenayo. Nikamwambia pengine kila mmoja ana mawili matatu, na hakuna aliye nayo yote. Akasema, basi itabidi asiuze hata mmoja.